Mbuzi Namba Saba

Wanaosema mimi nina hasira hawakuniona siku ile mzee Ntawukuriryayo aliponirudishia mbuzi. Wangeniona, wangejua kwamba hasira zangu za siku nyingine zote ni utani tu.

Ngoja nianzie mwanzo. Mwaka 1999, mwezi wa saba, nilipata kazi kwenye shirika dogo pale Gisenyi lililoitwa Tuinuane. Nasema nilipata, lakini ilikuwa majaribio ya miezi mitatu, na mkataba ungekuja mwishoni kama ningefaa. Mimi nilizaliwa Karagwe, Tanzania, wazazi wangu wakiwa wakimbizi, nikasoma huko mpaka kidato cha nne. Niliporudi Rwanda nilifikia kwa shangazi yangu kule Rubona, bandarini, ambaye kazi yake ni kukaanga sambaza, hawa samaki wadogo wa ziwa letu, na kuwauzia mabaharia. Nilikaanga naye mwaka mzima. Nywele zilininuka samaki mpaka kanisani watu waliniachia benchi peke yangu. Kwa hiyo mtu akiniambia kazi ya shirika ni wito, namkubalia, ila mimi niliyeitwa niliitwa na harufu ya mafuta.

Na mama naye alishanimaliza. Aliandika kutoka Karagwe kwamba amewatangazia watu wote, pamoja na padri, kuwa binti yake ana ofisi. Nikishindwa majaribio, siyo tu kwamba nitarudi kwenye karai la sambaza, bali padri mzima atajua.

Mkurugenzi wetu aliitwa Bahizi, mtu aliyerudi kutoka Uganda na suruali zenye mikunjo mikali kama kisu. Siku ya usaili aliniuliza swali moja tu la maana.

"Unaogopa mbuzi?"

Nikasema hapana. Nilipokuwa na miaka sita beberu alinipiga kichwa nikakaa ndani ya sufuria la uji, na mpaka leo nikisikia "mee" mgongoni naruka. Lakini hilo hakuniuliza.

Kisha akasimama, akanisomea kanuni ya kwanza ya shirika. Alikuwa anaijua kwa moyo, lakini aliisoma. "Mfanyakazi hapokei kitu chochote kutoka kwa mnufaika. Si yai. Si ndizi. Si kikombe cha maji." Akaongeza kuwa aliyekuwa na kazi hiyo kabla yangu alifukuzwa kwa sababu ya kuku mmoja, tena kuku mwenyewe alikuwa mgonjwa. Nikaapa kwamba mimi hata salamu nitazipokea kwa mkono mmoja.

Mradi wenyewe ulikuwa rahisi. Familia arobaini za Rugerero, watu waliopoteza mifugo yao yote katika miaka ile mibaya, kila moja inapewa mbuzi jike. Mbuzi akizaa, mtoto wa kwanza anakwenda kwa jirani. Tukawagawa wiki ya kumi na moja ya majaribio yangu. Kila mbuzi alikuwa na hereni ya plastiki yenye namba, na mimi ndiye niliyekuwa nakabidhi kamba mkononi mwa mtu, mmoja baada ya mwingine, huku nimekaza meno kwa hofu na watu wakidhani natabasamu. Mbuzi namba saba alimwendea mzee Ntawukuriryayo.

Huyu mzee alikuwa amepikia mapadri wa Goma miaka ishirini. Kifaransa alikijua, na Kiswahili chake kilikuwa cha upande ule. Alikuwa anaongea nami Kiswahili kwa heshima tu, kwa sababu Kinyarwanda changu cha Karagwe kilimchekesha na hakutaka kunicheka hadharani. Alipokea kamba kwa mikono miwili, akainama, akasema, "Tutaonana, mutoto yangu." Nikadhani ni maneno ya kuagana.

Jumatatu asubuhi, hata chai sijanywa, naambiwa kuna wageni. Natoka, namkuta mzee Ntawukuriryayo getini amevaa koti la sufu na kofia. Nyuma yake mke wake, na nyuma ya mke wake majirani wawili wamebeba dumu la manjano la lita ishirini lililojaa urwagwa, pombe ya ndizi.

"Tumekuja juu ya kushukuru," akasema.

Moyo ukanilainika, sitasema uongo. Lakini nikakumbuka kuku mgonjwa. Nikajikaza kisabuni, nikamweleza mzee kwamba tumefurahi sana, shukrani tumeziona, ila pombe arudi nayo, kanuni hairuhusu.

"Unakatala?"

"Sikatai, mzee. Ni kanuni."

"Kikombe moja tu."

"Hata tone."

Akafunga vifungo vya koti, vyote, mpaka cha juu. "Bon," akasema, yaani haya, na wakaondoka na dumu lao. Bahizi alikuwa ameona kila kitu dirishani. Akanipa mkono. Akaniambia mgeni wa wafadhili, madamu Olivia, anakuja Ijumaa kuuona mradi, na kwamba siku hiyohiyo akiondoka tutazungumza habari ya mkataba wangu. Kichwa kikanivimba, nikatembea siku nzima kama nimemeza rula.

Jumanne zikaja familia tisa, na madumu tisa. Nikawarudisha wote. Mama mmoja anaitwa Nyirahabimana aliniuliza kama nimeokoka. Nikamwambia sijaokoka, niko kazini. Alitikisa kichwa kwa huruma, kama aliyeona mgonjwa. Nikaandika kibao, nikakining'iniza getini: HATUPOKEI ZAWADI. Nilikiandika kwa hasira, herufi zikalala upande.

Jumatano saa mbili akaja tena mzee wangu na koti lake. Hakuwa na dumu. Alikuwa na mbuzi namba saba. Akamfunga kwenye mlingoti wa bendera ya shirika, akampigapiga mgongoni, akageuka aende zake.

"Mzee, vipi tena?"

"Nimerudisha."

"Mbuzi wako huyo!"

"Haiko yangu. Mutu akikupatia kitu, unaenda kwake na pombe, anakunywa, kisha kitu inakuwa yako. Kama hajakunywa, hajapatia. Ameweka tu kwangu. Mi siko muchungaji yako."

Hapo ndipo nilipopandwa na mori. Nilimwambia mzee wa watu maneno ambayo shangazi angeyasikia angenikaanga pamoja na sambaza. Kwamba tumehangaika miezi, kwamba mbuzi kachanjwa, kwamba kuna watu wangelia kwa furaha kupata mbuzi kama yule. Yeye alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akanitakia kazi njema na akaondoka. Mbuzi namba saba akasema "mee" mgongoni kwangu, nikaruka.

Kufika jioni mbuzi walikuwa kumi na wanne. Alhamisi saa nne asubuhi wakawa thelathini na mmoja, na wengine walikuwa wanaonekana barabarani. Walikula maua tuliyompandia madamu Olivia. Walikula kibao changu. Mmoja alipanda juu ya pikipiki ya shirika akakataa kushuka, na ikabidi tumwache.

Mpishi wetu wa ofisi, Verediane, mwenyeji wa pale ufukweni, alikuwa amekaa kwenye ngazi ya jiko akichambua maharage na kuutazama ule uwanja kwa raha zote.

"Madamu Jovia, we ulizaliwa wapi?"

"Karagwe."

"Kule hakuna ng'ombe?"

Ng'ombe! Nikakaa chini karibu naye. Baba alikuwa ananihadithia kila siku. Ukipewa ng'ombe na mtu, siku moja unajipanga na ndugu zako, unabeba pombe, unakwenda kumshukuru nyumbani kwake, na yeye anakunywa mbele ya watu. Ndipo urafiki unafungwa. Mtu asiyekunywa amekuambia kwamba siku yoyote atakuja kumchukua mnyama wake. Nilikuwa nalijua jambo hili tangu nanyonya.

"Lakini hiyo ni desturi ya ng'ombe," nikasema. "Hawa ni mbuzi. Nani anamshukuru mtu kwa mbuzi kwa koti na kofia?"

"Ng'ombe zao iko wapi?" akauliza Verediane, na akaendelea na maharage yake.

Niliona aibu kuliko siku ya sufuria la uji.

Bahizi yeye hakuwa na habari ya desturi. Aliniita ofisini, akafunga mlango ili mbuzi wasiingie, akaniambia kwamba kesho saa nne madamu Olivia atateremka kwenye gari, na kwamba akikuta mbuzi hata mmoja, kibarua changu kimeota nyasi. Nikamuuliza, je, nikinywa kikombe kimoja kimoja mambo yaishe? Akanionyesha kanuni ya kwanza kwa kidole. Nikinywa nafukuzwa, nisipokunywa nafukuzwa. Nikatoka nimefura, nikapanda gari la Rugerero.

Mzee nilimkuta anapalilia viazi. Nikapiga magoti, na mimi si mtu wa kupiga magoti. Nikamwambia ukweli wote: mkataba, sambaza, mama, padri. Nikamwambia kwamba mbuzi hawakuwa wangu kuwatoa, mimi nilikuwa mkono tu, mwenyewe aliyetoa anakuja kesho kutoka mbali.

Akaegemea jembe. "Donc, basi, mwenye kupatia iko mwingine."

"Ndiyo."

"Na anakunywaka?"

"Sijui, mzee."

"Tutajua," akasema.

Ijumaa saa nne gari likaingia. Nisiwadanganye, mbuzi wote arobaini walikuwepo uwanjani, kwa sababu wale wa mwisho walifika asubuhi ileile. Na getini zilikuwepo familia arobaini na madumu arobaini, watu wamevaa walivyovaa siku ya harusi zao. Bahizi alikuwa amevaa suti. Jasho lilikuwa linamtiririka mpaka mikunjo ikaanza kulegea.

Madamu Olivia alikuwa mama mrefu wa Kibelgiji mwenye viatu vya kupandia mlima. Aliteremka, akaangalia mbuzi, akaangalia watu, akauliza kitu kwa Kifaransa. Bahizi hakujua Kifaransa, na mimi vilevile. Aliyejibu ni mzee Ntawukuriryayo, akiwa ameshavua kofia. Wakaongea. Bahizi akaniuliza pembeni wanasema nini, nikamwambia bosi, mimi najua unachojua wewe. Madamu akacheka, akaletewa kiti, akakaa katikati ya mbuzi.

Mzee akasimama mbele yake akaanza kumsifu mbuzi namba saba kama wanavyosifiwa ng'ombe, mkono mmoja juu. Alisifu kwa Kinyarwanda, akatafsiri kwa Kifaransa kwa ajili ya mgeni, na akarudia kwa Kiswahili kwa ajili yangu.

"Huyu ni Mushinda-kamba, binti ya Asiyefungika. Alikula shuka ya bibi yangu huyu, akaacha kona moja juu ya heshima. Jirani alisema ni mbuzi. Nikamuambia, angalia muzuri. Hii ni ng'ombe yenye Mungu alianza, akachoka."

Watu walipiga makofi mpaka mbuzi wakatawanyika. Mimi nilicheka na machozi yalinitoka, na hayakuwa yote ya kicheko.

Kisha akajaza kikombe, akaonja yeye kwanza, kama inavyotakiwa, ili mgeni aone haina sumu. Akajaza tena. Lakini hakumpa madamu. Alinigeukia mimi.

"Mutu wa nyumba yake aonje mbele. Halafu yeye."

Bahizi alikuwa anatikisa kichwa polepole, kushoto, kulia, kushoto. Nikakiona kikombe, nikaliona karai la shangazi. Nikaona pia mikono ya mzee ilivyokuwa imekishika kile kikombe. Nikasema liwalo na liwe. Nikanywa. Nikampa madamu Olivia, naye akanywa mpaka chini na kupangusa midomo kwa mkono. Mzee akamfungua mbuzi wake kwenye mlingoti, na sasa alikuwa wake kweli.

Ningeishia hapo, leo ningekuwa nahadithia hadithi nyingine. Lakini zilibaki familia thelathini na tisa, na kila familia ilikuwa na dumu lake na kikombe chake. Ukionja cha mmoja huwezi kuruka cha mwenzake. Madamu alikuwa anagusisha midomo tu baada ya cha tatu, mwenye akili zake. Mimi nilikuwa naonja kwa moyo wote. Kwenye familia ya kumi nilikuwa namshika mbuzi pembe bila woga. Kwenye ya kumi na saba nilimkumbatia. Kwenye ya ishirini na mbili, wanasema, maana mimi sikumbuki, nilisimama juu ya kiti na kuinua mkono, nikamsifu Bahizi.

Verediane ndiye aliyeyahifadhi maneno. "Huyu ni Mwenye-mikunjo, dume la ofisini. Ukimfunga kwa kanuni, hakati kamba, anaisoma. Ndevu zake ni mbili, na zote amezipa namba."

Mzee alimtafsiria madamu Olivia. Inasemekana alicheka mpaka akashuka kwenye kiti.

Aliondoka saa tisa ameridhika kabisa. Saa tisa na dakika tano Bahizi alinipa barua. Hakunifokea, na hilo ndilo lililoniuma. Aliniambia kwa sauti ya chini, "Kanuni ya kwanza, Jovia. Mara arobaini." Nikabeba mfuko wangu, nikarudi Rubona. Shangazi alinipa kijiko cha kugeuzia samaki. Nililia usiku kucha, na siyo kwa ajili ya padri. Niliipenda ile kazi. Nilipenda kuwa mkono unaompa mtu kamba.

Jumatatu mchana nikiwa nakaanga, kichwa kimefungwa kitambaa ili nywele zisinuke, nikasikia mtu anacheka kutoka mbali. Alikuwa Verediane, amebeba dumu la manjano kichwani. Nyuma yake alikuwa Bahizi, amevaa koti la sufu na kofia, kwenye jua lile. Na chini ya koti, suruali yake haikuwa na mkunjo hata mmoja. Nilidhani naota.

"Iko nini?" nikamuuliza Verediane kwa Kiswahili chake.

Akatua dumu. "Ile wazee ilisikia umefukuzwa. Ikasema, mwenye alionja pombe yetu amefukuzwa, nani atatujua? Ikarudisha mbuzi. Yote. Lakini haikuleta ofisini. Ilileta kwa patron, nyumbani."

"Arobaini?"

"Arobaini na moja. Namba saba alizaa njiani."

Nikamwangalia Bahizi. Alisema wamekula suruali tatu na kitabu cha kanuni, jalada wakaliacha. Alisema hajalala tangu jana. Alisema ametoka Rugerero asubuhi hii, na mzee Ntawukuriryayo amemwambia kuna njia moja tu, na hata koti amemuazima.

Niligeuza sambaza upande wa pili, taratibu. Watu wa bandarini walishaanza kusogea kutazama, na shangazi aliwauzia kila aliyesogea.

Bahizi akatoa mkataba ndani ya koti. Ulikuwa na mhuri, na kona moja imetafunwa. Chini ya kanuni ya kwanza alikuwa ameongeza kwa mkono wake, kwa herufi zilizonyooka: *isipokuwa pombe ya shukrani, kikombe kimoja, jumla.* Neno la mwisho alikuwa amelipigia mistari miwili. Niliisoma mara mbili, nikafuta macho, nikasingizia moshi.

"Jovia," akasema, "nimekuja kukushukuru kwa kazi uliyofanya. Na kukuomba urudi."

Akafungua dumu, akajaza kikombe mpaka juu, akanipa kwa mikono miwili huku ameinama kidogo, vizuri kabisa, kama aliyefundishwa. Mikono yangu ilikuwa na mafuta. Nikaipangusa kwenye kitenge, kidole kimoja kimoja, bila haraka.

"Onja kwanza wewe," nikamwambia.

Akaonja.